Mlango wa babake nyanya: ni ufundi au ni sanaa?

Mama mmoja wa Kuze, Mji wa Kale, ameniandikia hivi:

"Asalaam aleikum, Mwalimu. Nyumba ya nyanya ina mlango wa nakshi uliochongwa na babake kwa mkono wake. Kijana wangu aliupiga picha akaipeleka shuleni kuwa mfano wa sanaa ya Mombasa. Akaambiwa huo ni ufundi wa mikono tu, sanaa ni michoro na sanamu. Wiki hiyo hiyo akaja mtu kutaka kuununua. Akasema hii ni sanaa kubwa, ng'ambo watu huitundika ukutani. Nyanya naye anasema babake hakujiita msanii hata siku moja, alikuwa fundi. Nani kasema kweli? Na je, tuuze?"

Waleikum salaam, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka: msiuze, wala msikubali ung'olewe kwa ahadi ya kutiwa mwingine mpya. Sababu nitazitoa, na mojawapo ni ya kisheria. Ama hilo la nani kasema kweli, aliye karibu zaidi na kweli ni nyanya. Mwalimu wa kijana wako karudia alichofundishwa naye. Mnunuzi kapatia neno, akakosea mengine yote.

Tulitazame neno lenyewe. "Sanaa" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko shina lake ni kutengeneza kitu kwa ustadi. Mfua vyuma, seremala na mfinyanzi wote waliingia humo. "Fundi" ni letu la asili, ndugu wa kufunda na kufunza. Fundi ni mtu aliyefundwa kazi hata ikamkaa mkononi, na sasa anaweza kumfunda mwingine. Kwa hiyo nyanya anaposema babake alikuwa fundi, anamtaja kwa cheo chake. Maana ya leo ya "msanii", mtu anayechora au kuimba ili atoe yaliyo moyoni mwake, imekuja baadaye. Hata sasa ukimsikia mtu barazani akisema "huo ni usanii tu", mara nyingi anazungumzia ulaghai. Sidhani babake nyanya angelipenda kuitwa hivyo.

Jambo ambalo darasani halisemwi ni kuwa Ulaya nako mambo yalikuwa hivi hivi. Wagiriki wa kale walikuwa na neno moja, techne, na Warumi wakawa na lao, ars. Kila moja lilimkusanya mchongaji sanamu pamoja na mjenzi wa meli. Florence ya karne ya 15, mji ambao leo watu husafiri mabara kwenda kuona michoro yake, iliwaweka wachoraji katika chama kimoja na matabibu na wauza dawa, kwani rangi zilinunuliwa katika maduka ya dawa. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alitia sahihi mkataba wa kuchora picha ya kuwekwa kanisani, katika hospitali ya watoto waliotupwa na wazazi wao. Mkataba ulimwambia mpaka bei ya rangi: buluu iwe ile ya thamani ya florini nne kwa aunsi. Buluu hiyo ilisagwa kutokana na jiwe lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, likapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi hadi kufika Italia. Mteja alijua anachotaka na alijua kitamgharimu nini. Ghirlandaio aliajiriwa kama alivyoajiriwa babake nyanya. Kaja mwenye nyumba, kasema nataka mlango wa upana huu, mbao za msaji, nakshi mpaka kizingiti cha juu, na kazi imalizike kabla ya harusi.

Huo mpaka kati ya "sanaa" na "ufundi" ambao kijana wako amejigonga nao umewekwa juzi tu, tukiupima kwa umri wa mambo haya. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux alitoa kitabu kilichokusanya uchoraji, uchongaji sanamu, muziki, ushairi na dansi katika fungu moja, la kazi ambazo shabaha yake ni kupendeza, akazitenga na zile zinazofanywa kwa mahitaji ya maisha. Ujenzi wa nyumba ulimpa taabu, akauweka katikati. Fikra hiyo ikaenea, ikapanda meli, ikaingia katika mitaala. Japani ilipoingia kwenye maonyesho ya dunia ya Vienna ya 1873, ilibidi wabuni neno jipya, bijutsu, ili watafsiri neno la Kijerumani lililoandikwa kwenye karatasi za maonyesho. Watu waliokuwa na vyungu, panga na michoro ya ajabu kwa karne nyingi walilazimika kutafuta neno la kuvigawa vitu vyao kwa kipimo cha wengine. Mweleze kijana wako habari hii. Hakuwa mjinga alipouchagua mlango. Alipewa rula ya nyumba nyingine apimie nyumba yao.

Kuna jambo jingine ambalo nalishikilia sana. Kila jamii huchagua sanaa moja ikaivika taji, na taji hilo huwezi kulijua mpaka uwaulize wenyewe. Ungefika Mombasa miaka 200 iliyopita ukauliza, "Bingwa wenu ni nani?" wasingekupeleka kwa mchoraji. Wangekutajia Muyaka bin Haji. Huyu alitunga juu ya vita vya Mazrui, watawala wa Mombasa zama hizo, juu ya siasa, mapenzi na ufukara, na watu wakayahifadhi mashairi yake vifuani. Alikufa karibu na mwaka 1840. Mengi tuliyo nayo ya Muyaka leo yalikumbukwa na Mwalimu Sikujua, naye W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, akayaandika karne hiyo ilipokuwa inaelekea mwisho. Hebu fikiri: sanaa kuu ya mji mzima ilikaa ndani ya vichwa vya watu kwa miaka 50 bila msumari wala fremu. Mtu anayetafuta sanaa kwa kutazama kuta angepita Mombasa nzima akasema hapa hakuna kitu.

Na neno likiisha kuvikwa taji, huingia kila mahali, hata kwenye nguo. Nenda mtaa wa Biashara asubuhi usimame kando ya duka la leso, utazame. Mwezi uliopita niliwaona mama wawili wakichagua leso za kumpelekea wifi yao aliyejifungua. Kijana wa duka alikunjua doti moja baada ya nyingine juu ya meza. Mkubwa wao hakugusa kitambaa kwanza. Aliinama akasoma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, midomo ikicheza, ndipo akaangalia pindo, ndipo akarudi nyuma hatua moja kuutazama mji, ile sehemu ya katikati. Doti moja ilikuwa nzuri mno, nyekundu iliyokolea, korosho zimepangwa sawasawa. Akairudisha. "Rangi naipenda," alimwambia mwenzake, "lakini jina hili tukimpa atauliza tunamsema kwa lipi." Wakachukua nyingine, rangi yake imepoa kidogo, yenye dua ya heri.

Hapo umeona uhakiki wa sanaa ukifanyika bila mtu kuuita hivyo. Kipimo chao kilikuwa na mambo mengi kuliko uzuri: nani anatoa, nani anapokea, neno litasomwaje kesho likivaliwa mbele za watu. Leso yenyewe, kama unavyojua, jina lake tumelitoa kwa Wareno, waliokuwa wakiita hivyo kitambaa cha mkono. Wanawake wa pwani walikata vitambaa hivyo wakaviunganisha vikawa vazi, kisha viwanda vikafuata matakwa yao. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, ni miongoni mwa yale yanayotajwa sana katika habari ya kuandika majina kwenye leso, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Leso ukiitia katika kioo ukaitundika ukumbini, mtazamaji atapata pindo, mji na maandishi. Hatapata wifi.

Sasa tuje mlangoni kwenu. Kesho asubuhi, jua likiwa bado la ubavuni, simama mbele yake na kijana wako. Mwanga wa adhuhuri huzilaza nakshi, lakini wa asubuhi huziamsha. Angalia mbao zenyewe, huenda ziko wazi hazina kitu. Kazi imewekwa kwenye kizingiti cha juu, kwenye miimo miwili ya pembeni, na kwenye mfaa, ule mti wa katikati unaofunika pengo la milango miwili ikifungwa. Pita kidole taratibu kwenye mfaa. Utahisi mahali patasi iliingia na mahali ilipotoka, kwani mkono wa mtu hauachi kina kimoja kama mashine. Kisha tafuta pembe, pale nakshi ya mwimo inapokutana na ya kizingiti. Ua lililokuwa likipanda juu lazima ligeuke liende upande. Fundi mchanga hapo hukata tu, akaanza ua jipya. Fundi aliyeiva hufupisha jani moja kabla ya kona, akarefusha jingine baada yake, na jicho linapita bila kujikwaa. Mimi nikitaka kujua kama mlango umechongwa na bingwa, huenda moja kwa moja kwenye pembe.

Utaambiwa na wanaotembeza wageni kuwa kila nakshi ina tafsiri yake, mnyororo maana yake hii, samaki maana yake ile, mtende maana yake neema. Siwalaumu, mgeni hupenda kupewa ufunguo. Lakini napenda uwe na hadhari hapa. Nakshi nyingine zilibeba maana iliyojulikana, nyingine zilirithiwa mkono kwa mkono kwa kuwa zinapendeza na mteja amezoea kuziona kwa jirani, na mara nyingi zilibadilika maana zikiwa safarini. Chukua ile miiba ya shaba kwenye baadhi ya milango yetu. Katika ngome za India miiba ya namna hiyo ililinda malango yasivunjwe na tembo wa vita. Mombasa hapakuwa na tembo wa kuja kugonga mlango wa mtu Kuze. Mafundi na wafanyabiashara waliotoka Gujarat na Kutch walikuja na mtindo, silaha ikageuka pambo, na pambo likawa tangazo la mali ya mwenye nyumba.

Mabakuli ya Kichina nayo yalifanya safari kama hiyo. Kule yalikotoka yalifinyangwa na kuchomwa yawe vyombo vya chakula, na makumi ya maelfu yao yalipakiwa merikebuni kama bidhaa. Yalipofika pwani yetu, waungwana waliyaweka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani vya nyumba zao, na mengine yakajengewa ndani ya chokaa, kwenye mihirabu na kwenye makaburi ya mnara kama lile la Mambrui. Hakuna aliyetuambia kuwa bakuli ni kito. Tuliamua wenyewe. Nawe ukimwambia Mchina wa zama za Ming kwamba bakuli lake la wali limepamba kaburi la sheikh, sijui kama angeamini.

Kijana wako pengine atauliza mbona milango yetu ina maua na maandishi bila sura za watu. Sehemu kubwa ya jibu ni dini: kwenye misikiti na kwenye nyumba za watu waliotaka baraka mlangoni, fundi aliepuka viumbe vyenye roho, akaupeleka ustadi wake kwenye jani, duara na herufi. Wanakili wa Siyu, kule Pate, walipamba kurasa za misahafu kwa wino mwekundu na mweusi kwa ufundi ambao mpaka leo unanisimamisha. Ila asifikiri Uislamu mahali pote ulifanya vivyo hivyo. Wafalme wa Mughal huko India walikuwa na karakana nzima za wachoraji, na vitabu vyao vimejaa watu, farasi na mawindo. Dini moja, ladha mbali mbali.

Nimeifikia sehemu inayonifanya niseme msiuze. Vuka maji, nenda bara upande wa Kaloleni na Ganze, kwa ndugu zetu Wagiriama. Mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa kigango, nguzo ya mti yenye kichwa cha duara na kiwiliwili bapa kilichokatwa kwa pembetatu ndogo ndogo, huvishwa vitambaa na kumwagiwa tembo la mnazi. Roho ya mzee imepewa mahali pa kukaa, na watu wa nyumbani wanapata pa kumwendea. Mji ukihama, kigango hakihamishwi. Kinabaki mahali kiliposimikwa, mchwa wanakula, mvua inakinyea, mpaka kinalala chini. Hiyo ndiyo safari yake sahihi.

Kuanzia miaka ya 1970 vigango vikaanza kuibwa usiku. Vilikuwa na umbo linalomvutia mkusanyaji wa Marekani: virefu, vyembamba, vyenye sura ya kisasa machoni pake. Viliuzwa kama sanamu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya nduguze waliofariki. Haukupita muda mrefu, vyote viwili vikaibwa. Miaka baadaye kimoja kilionekana Marekani katika makumbusho ya chuo kimoja cha jimbo la Illinois, na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Picha ile ile ndiyo iliyothibitisha ni vya nani, na hatimaye vikarudi. Makumbusho ya Denver nayo ilitangaza mwaka 2014 kuvirudisha vigango 30, na vikafika Kenya mwaka 2019. Katika kumbi zile vilihifadhiwa vizuri kuliko vingehifadhiwa Ganze, na kuna watu hutoa hoja hiyo kwa nia njema. Walivihifadhi wasioze, na kuoza ndiko kulikokuwa haki yao. Nyumbani, familia zilizoibiwa zilihesabu misiba iliyofuata moja moja, na mzee wa watu akakaa akijua nduguze wako mahali asipopajua.

Nayasema haya kwa sababu mnunuzi wenu anatumia hoja hiyo hiyo bila kujua. Anaona kitu kizuri, anadhani uzuri wake uko ndani ya mbao. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza lilipouvamia ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, liliteka maelfu ya vitu vya shaba, pembe za ndovu na mbao kutoka jumba la mfalme. Mabamba ya shaba yaliyokuwa yamepambia jumba lile yalihifadhi habari za wafalme, mashujaa na sherehe zao. Yakauzwa moja moja, huku na kule Ulaya. Kila bamba bado ni zuri, na ukilitazama peke yake ni kama umepewa ukurasa mmoja uliochanwa.

Sisemi kila kitu lazima kibaki kilivyo. Watu hawaafikiani hata juu ya maana ya kuhifadhi, na tofauti hizo napenda kijana wako azijue. Hekalu la Ise huko Japani hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho mwaka 2013, kwa mbao mpya na vipimo vile vile, na kwa Wajapani hilo ni hekalu la kale. Msikiti wa Djenné, Mali, uliojengwa upya mwaka 1907 kwa udongo, hupakwa tope kila mwaka na mji mzima, wazee kwa watoto, la sivyo mvua ingeuyeyusha. China, mtu aliyemiliki mchoro aligonga mhuri wake juu ya mchoro wenyewe, akaongeza hata shairi. Mfalme Qianlong wa karne ya 18 aligonga mihuri yake kwenye michoro ya mabingwa waliomtangulia kwa mamia ya miaka, na michoro hiyo bado inaheshimiwa. Kwingine angefukuzwa ukumbini. Hapa kwetu, nyumba ya mawe na chokaa iliyopakwa upya kila mara ilihesabiwa kuwa nyumba inayopendwa, na mlango uliopakwa mafuta ni hivyo hivyo.

Wala sisemi kitu kilichofanywa kwa ajili ya mgeni ni duni. Wakamba wa karakana za Changamwe wanachonga twiga na tembo wa kuuza, na historia yao ni ya kweli. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi akawafunza jamaa zake, na kutoka hapo ikazaliwa kazi iliyosomesha watoto wengi. Twiga yule alizaliwa akijua atasafiri. Mlango wenu haukuzaliwa hivyo.

Kuna siku niliwapeleka wanafunzi wa msingi Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mle ndani ipo michoro ya ukutani iliyochorwa na mabaharia na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu, merikebu, watu, samaki. Tulipofika hapo mvulana mmoja akanishika kanzu. "Mwalimu, mimi nikichora kwa makaa ukutani kwetu napigwa. Hawa mbona wamewekwa makumbusho?" Wenzake wakacheka. Mimi niliona ndilo swali bora la siku ile. Nikamwomba asogee atazame merikebu zile, milingoti na tanga. Aliyechora hakuwa amesomea kuchora. Alikuwa mbali na kwao, pengine mgonjwa, anangoja chombo cha kumrudisha, na kitu alichokijua vizuri kuliko vyote ni chombo. Hakuna aliyemlipa, wala hakutuchorea sisi. Miaka 300 ikapita, ngome ikawa gereza, kisha makumbusho, na wenye kuilinda wakaamua mkono ule usifutwe. Mvulana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo hata wa kwetu wakiuacha..." Hakumaliza, na mimi sikummalizia.

Basi tumalize la mlango kwa vitendo.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inataja kitu kimoja waziwazi miongoni mwa vitu vinavyolindwa: mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Soma tena mstari huo. Waliotunga sheria za nchi hii waliona mlango wa nakshi unastahili kutajwa kwa jina. Mlango wa namna hiyo haupelekwi nje ya nchi bila kibali. Mji wa Kale wenyewe nao ni eneo la uhifadhi lililotangazwa rasmi mwaka 1990, kwa hiyo kubadilisha uso wa nyumba hapo ni jambo la kuulizia ofisi ya uhifadhi kwanza. Akija tena yule bwana, mwombe akuoneshe kibali chake kabla hujamkaribisha kahawa.

Halafu mkae na nyanya, kijana akiwa na simu ya kurekodi. Mwulize babake alijifunza kwa nani, mbao zilitoka wapi, alianza na kizingiti au na mfaa, alichora kwanza kwa penseli au kwa chaki au aliingia moja kwa moja na patasi. Mwulize siku mlango ulipotiwa nani walikuwepo na kilipikwa nini. Mwulize pia alikuwa akisema nini akiona kazi mbaya ya mtu mwingine, kwani maneno ya fundi ya kusifu na kukosoa ndiyo nadharia yake ya sanaa, na hayo yakienda na nyanya hakuna makumbusho itakayoyarudisha. Hiyo ndiyo kazi ambayo kijana anaweza kuipeleka shuleni, picha ya mlango upande mmoja na maneno ya nyanya upande wa pili.

Kuhusu utunzaji, msipake rangi ya mafuta juu ya nakshi. Huziba mikato midogo, na kuitoa baadaye ni kuumiza mti. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kisha paka mafuta ya mti kwa kitambaa, kidogo kidogo. Chunguza mguu wa miimo, pale inapokutana na sakafu, maana unyevu na mchwa huanzia huko. Kama pameoza, fundi mzuri ataunga kipande kipya cha mti wa aina ile ile bila kugusa nakshi ya juu.

Na kabla ya yote, chukueni ngazi. Katikati ya kizingiti cha juu mara nyingi huwa na maandishi, na mara nyingine mwaka kwa tarakimu za Kiarabu. Hesabu itakuwa ya Hijria. Ukikuta 1300, huo ulianza Novemba 1882. Ukikuta 1364 au wowote wa nyuma yake, mlango wenu umechongwa kabla ya 1946 bila shaka yoyote. Pangusa taratibu kwa brashi kavu, usitie maji, piga picha jua likiwa ubavuni, kisha niletee niisome.